Adui Niliyemtunga

Wengi wenu mwajua bao. Katika bao kila mtu hungoja zamu yake, na mwenye kutaka kufikiri hupata nafasi ya kufikiri. Lakini iko michezo ya vita katika kompyuta isiyo na zamu: wakati wewe wafikiri, adui yako alima, ajenga, na huenda askari wake wako njiani. Mmojawapo ni Age of Empires II, uliotolewa Marekani mwaka 1999, na hata leo wanaoucheza ni wengi. Mpwa wangu, kijana wa miaka 13, ni mmoja wao.

Siku moja alinijia akasema, "Mjomba, adui wa kompyuta nimemzoea. Najua atakuja lini na atapita wapi. Nitungie mwingine." Naliona ni ombi dogo, kwa kuwa mchezo huo umeacha mlango wazi: mtu yeyote aweza kumwandikia adui sheria zake katika faili ya maandishi tu. Kila sheria ina sharti na tendo: likiwapo jambo hili, fanya lile. Kompyuta huzisoma zote toka juu hata chini, kisha huanza tena, na tena, mpaka vita viishe. Watu huiita akili. Mimi sikuona akili humo, ila utii, tena utii wa kutisha.

Sheria yangu ya kwanza ilisema: chakula kikifika 50, ongeza mwanakijiji. Mchezo huanza na wanakijiji watatu na mpanda farasi mmoja, na jumba la mji lina nafasi ya watu watano tu. Basi adui wangu akaongeza mmoja, akakoma, akakaa vivyo hivyo mpaka mpwa wangu alipokuja kumteketeza. Sikuwa nimemwambia ajenge nyumba. Nikamwambia. Akakosa miti, maana watu wote nilikuwa nimewapeleka kutafuta chakula. Nikagawa kazi. Ndipo nikaandika sheria ya vita: askari akiwapo, shambulia. Naye akatii, kila askari alipotoka kambini alikwenda peke yake, akafa peke yake.

Majuma matatu nalikesha. Mwalimu wa hesabu kushindwa na mchezo wa watoto si jambo la kusimulia mbele ya walimu wenzake.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kupita upesi. Katika lugha ya sheria hizo yako maneno yaanzayo kwa herufi cc. Hayo ni maneno ya udanganyifu, nao watungaji wa mchezo wenyewe waliyatia. Kwa moja waweza kumjazia adui ghala bila mtu kulima. Kwa jingine huhesabu majeshi yako hata yakiwa gizani asikokufikia. Nalichukua lile la kwanza. Mstari mmoja tu: kila baada ya dakika chache, ongeza chakula.

Usiku ule mpwa wangu alishindwa. Na wa pili pia. Nikajiona fundi.

Usiku wa tatu hakucheza. Alifungua kumbukumbu ya vita vya jana, kwa maana mchezo huweza kuhifadhi vita na kuvionyesha tena, pande zote mbili. Akahesabu kwa kidole. "Mjomba, wakulima wake ni tisa. Wapanda farasi ni ishirini, na kila mmoja hugharimu chakula 80. Hicho ni 1600. Kimetoka wapi?"

Sikuwa na jibu. Juma lile lile nalikuwa nimemfutia mwanafunzi mtihani kwa kosa la kunakili, na mpwa wangu alikuwamo darasani. Hakulitaja jambo hilo. Afadhali angalilitaja.

Baadaye nalisoma kwamba hata mabingwa wa kazi hii waliulizwa swali kama lile. Mwezi wa Januari 2019, kampuni ya DeepMind ya London ilionyesha AlphaStar, ambayo ilikuwa imewashinda wachezaji wawili wa kulipwa katika StarCraft II, mara 10 kwa 10. Watu wakanung'unika: mashine iliona kwa mara moja kila mahali askari wake walipopaona, wala haikusogeza dirisha la kutazamia kama binadamu. Ilipopewa sharti la dirisha, mmoja wa wale wawili, Mpolandi aitwaye MaNa, akaishinda mbele ya watazamaji. Wakarudi kazini, na mwaka ule ule mashine ikafika daraja ya juu kabisa, sharti likiwapo.

Mimi naliufuta mstari wangu, mpwa wangu akitazama. Tukaanza upya sote wawili. Yeye ndiye aliyesema adui asiondoke kambini kabla ya kukusanya wapanda farasi kumi na wawili, na kwamba wakata miti waongezwe mapema, la sivyo mashamba hayajengeki. Huyu adui mpya alishindwa mara sita, na kila mara nalipata mstari wa kurekebisha.

Mara ya saba, katika dakika ya 34, mji wa mpwa wangu ulianguka. Alinyamaza kidogo, akafungua kumbukumbu, akahesabu wakulima: 41. Akahesabu mashamba. Kisha akasema, "Hii ni halali, Mjomba," akaomba tuanze tena.