Mafuta ya Mdomo Yasiyo na Nyuki

Njombe ikifika Juni, midomo haichagui umri. Ya mtoto wa shule inapasuka, ya bibi muuza viazi inapasuka. Nilianza kutengeneza mafuta ya mdomo kwa sababu hiyo, na kwa sababu nta ilikuwa ikitupwa. Warina asali wa upande wetu walikamua masega, asali ikaenda sokoni, makapi wakayaachia siafu. Nikawa nayanunua kwa bei ya kutupa, nayachemsha kwenye maji, nayachuja kwa kitambaa na kuyaacha yapoe usiku kucha. Asubuhi juu ya sufuria kumeganda duara la manjano linalonukia asali, na uchafu umenata chini yake. Unaukwangua kwa kisu.

Kipimo changu kilikuwa kimoja: gramu 20 za nta kwa gramu 80 za mafuta. Parachichi la kwetu lilitangulia, kisha alizeti, nazi kidogo, na siagi ya kakao ya Kyela nilipoipata. Soko nililipata Makambako, pale barabara ya Songea inapoungana na barabara kuu ya Mbeya na treni ya TAZARA inaposimama. Abiria na madereva walinunua bila kubembelezwa, maana upepo wa Makambako unakausha midomo kuliko hata baridi yetu.

Kisha akanipigia binti mmoja mwenye duka la vipodozi Dar es Salaam.

"Shikamoo mama. Nina wateja hawagusi kitu kilichotoka kwa mnyama, hata asali. Unaweza kunitengenezea bila nta ya nyuki?"

"Marahaba, mwanangu. Kwani nyuki naye ni ng'ombe?"

Alicheka, lakini oda ilikuwa ya maana na mimi nilikuwa na watoto shuleni. Nikaagiza nta mbili za mimea. Kandelila hutoka kwenye kichaka cha jangwani kaskazini mwa Meksiko. Kanauba hutoka kwenye majani ya mnazi-pori wa Brazili, na ndiyo hiyohiyo inayong'arisha magari na peremende.

Hapo ndipo kazi ilipoanza upya. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 65. Kandelila hungoja 70 hivi, na kanauba hupita 80. Sisi tunayeyusha kwa bakuli lililokaa ndani ya maji yanayochemka, na Njombe iko juu, karibu mita 2,000, kwa hiyo maji yetu huchemka kabla hayajafika nyuzi 95. Kanauba inayeyuka, ila kwa kukusumbua. Ukiimwagia mafuta ya baridi, inaganda palepale na kuwa chengachenga. Kwa hiyo mafuta nayapasha moto pembeni kwanza.

Ugumu nao ni tofauti. Gramu 20 za kandelila badala ya 20 za nyuki zitakupa kitu cha kusugulia sakafu. Gramu 10 hadi 12 zinatosha. Kanauba peke yake siitaki: inang'aa vizuri, lakini inamomonyoka na kukwaruza. Nta ya nyuki ina ule mnato wake wa kushika mdomo, na mimea haina. Nilipunguza alizeti nikaongeza mafuta ya nyonyo, yakasaidia. Kwa joto la Dar naweka gramu 9 za kandelila na 2 za kanauba.

Kipimo cha tone juu ya kijiko baridi kwetu hudanganya. Jikoni kwangu Julai kila kitu ni kigumu. Siku hizi naweka kikopo kwenye mfuko wa ndani wa koti nusu siku. Kikitoka hapo kimelainika kupita kiasi, Dar kitakuwa uji.

Wapo wanaosema nta ya mimea ndiyo ya asili zaidi. Sikubaliani nao. Nta yangu imetoka kwenye mizinga ya hapa Njombe. Ile nyingine imevuka bahari, na bei yake inaonyesha. Anayeihitaji kwa imani yake nitamtengenezea, na lebo itasema wazi. Kwa baridi ya hapa, ya nyuki bado inaongoza.

Ukitaka kujaribu nyumbani, anza na kandelila, nusu ya uzito wa nta uliyoizoea, na siagi ya kakao iingie mwisho, moto ukiwa umeshazimwa.