Kona kwa Kona, Makunduchi

Julai tulipokwenda Unguja, binti yangu wa miaka 9 alipewa shuleni kazi ya likizo: tangramu, ule mchezo wa Kichina wa vipande saba vinavyotoka katika mraba mmoja. Vipande vyenyewe tukavisahau Leicester. Basi siku ya pili Makunduchi nikakaa barazani kwa mama yangu, nikakata boksi la biskuti: pande nne, kila upande sentimita 20, kisha vipande saba.

Mama alikuwa pembeni akisuka ukili. Ukindu alishauchana na kuutia rangi, na mikono yake haikusimama hata alipozungumza nasi.

Tulijaribu kupanga mashua. Kila mara palibaki mwanya. Mtoto akanuna. Mama akauliza kuna nini. Binti yangu akanijibu mimi, kwa Kiingereza, kwamba bibi hakusoma, hesabu atazijulia wapi? Nilishukuru kuwa Mama hakuelewa, kisha nikaona haya kwa kushukuru.

Mama akatwambia tuvirudishe vipande kama vilivyokuwa mwanzo. Akachukua ukindu mmoja, akaulaza kona kwa kona, akaubana kwa kidole ulipoishia. Akaupeleka kwenye kona mbili nyingine. Haukufika.

"Kimekwenda upande hiki," akasema. "Mkeka ukiwa hivi, hautandikiki ukakaa vizuri."

Nilikuwa nimepima pande, nikasahau pembe. Pande nne zikiwa sawa, bado si mraba, mpaka na urefu wa kona kwa kona uwe sawa.

Tukakata kingine, bibi akipima na mjukuu akishika rula. Ukitaka kujaribu na wanao, kata mraba kona kwa kona. Nusu ya kwanza igawe katikati, upate pembetatu kubwa mbili. Nusu ya pili, kunja ile kona ya mraba iguse katikati ya upande mrefu, ukate palipokunjika: hiyo ni pembetatu ya kati. Kinachobaki kigawe katikati. Upande mmoja utatoa mraba mdogo na pembetatu ndogo; wa pili, msambamba na pembetatu ndogo.

Kabla ya kupanga chochote, waulize: pembetatu ndogo mbili zinafunika kipande gani? Zitafunika mraba barabara, na msambamba, na pembetatu ya kati. Maumbo matatu, eneo moja. Mwache mtoto alione mwenyewe.

Mashua yetu ilikamilika kabla ya magharibi. Binti yangu akaviacha vipande sakafuni, akasogea mkekani.

"Bibi, nifundishe mimi."

Ukili wake wa kwanza haukupita shibiri moja. Akaunyoosha gotini, akautazama, na kabla hatujasema neno akatuambia, kwa Kiswahili, "Umekwenda upande."

Akaufumua, akaanza tena.