Ndumilakuwili Kwenye Kikombe

Kwetu Morogoro, katikati ya miaka ya 1980, kibonzo kilikuwa kitu cha kusomwa kikaisha. Nakala moja ya gazeti la vibonzo la Sani ilizunguka mtaa mzima. Ilianzia kwa mjomba aliyeinunua, ikaenda kwa kinyozi, ikarudi haina jalada, na mwisho wake ukawa kwa muuza karanga. Yeye hakujali kama aliyechorwa ni Lodi Lofa au Madenge, alichotaka ni karatasi ya kukunjia koni. Nimetafuna karanga huku naigeuzageuza koni nikitafuta kisa kiliishiaje, kumbe mwisho wake umeshaondoka na mteja mwingine.

Wakubwa zetu walikuwa na Chakubanga wao, wa Christian Gregory, kwenye gazeti la Uhuru. Sisi tulikuwa watu wa Sani, gazeti la Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, na aliyetuteka hasa ni mchoraji Philip Ndunguru. Wahusika wake tulikuwa tunakutana nao njiani. Fundi mmoja wa mtaani kwetu, bingwa wa kuchukua malipo ya awali na kutoweka, aliitwa Ndumilakuwili hadharani, na akawa anaitika. Ndunguru alifariki mwaka 1986, bado kijana, na wachoraji wengine wakaendelea na wahusika wake. Watoto tusingejua mambo hayo. Tulichotaka ni toleo jipya, basi.

Hakuna aliyewaza kwamba sura zile zingekaa kwenye chombo cha chai. Vikombe vyetu vilikuwa vya bati, vyeupe, vina ukingo wa bluu na ua la waridi ubavuni, na vilipobanduka rangi vilianza kushika kutu. Vya udongo vilifungiwa kabatini vikisubiri mgeni. Mama alikuwa na seti ambayo sikumbuki kuona mtu wa nyumbani akiinywea, na kwa sukari ya wakati ule, inayopatikana kwa foleni au kwa kumjua mtu, pengine hata wageni wenyewe walikaribishwa kwa hesabu.

Mjomba alipofariki, kwenye tranka lake tulikuta vyeti, risiti za ushirika na kurasa kadhaa za Sani zilizokunjwa mara nne. Sijui kwa nini alizificha hizo na kuziacha nyingine ziende kwa muuza karanga. Nikachukua moja, ya Ndumilakuwili, nikaipeleka Kariakoo kwa vijana wanaochapa picha kwenye fulana na vikombe, maana siku hizi hakuna mahafali wala kipaimara kisichokuwa na kikombe chake.

Kijana aliniambia kwanza kwamba kikombe cha nyumbani hakifai. Kinatakiwa kilichopakwa utando maalumu, vinginevyo wino haushiki. Picha inachapwa kinyumenyume kwenye karatasi, inafungwa kwenye kikombe kwa utepe wa gundi usioungua, halafu kikombe kinabanwa kwenye mashine yenye joto la karibu nyuzi 180 au zaidi kwa dakika chache. Wino unageuka mvuke na kuzama ndani ya ule utando, ndiyo maana ukipapasa picha husikii kitu.

Kabla ya kuchapa akaniuliza, "Mzee, tuisafishe?" Alimaanisha umanjano wa karatasi, alama ya kutu iliyoachwa na pini, na mstari wa mkunjo uliompitia Ndumilakuwili begani. Kwenye kompyuta ni kazi ya muda mfupi. Nikamwambia aache kila kitu. Akanitazama kidogo, akasema wateja wa picha za zamani wote ndivyo walivyo, na kwamba ana programu ya kuifanya hata picha ya jana ionekane imechakaa. Zamani ule umanjano ulikuwa dalili ya karatasi duni, tuliudharau. Leo unaongezwa kwa makusudi na unalipiwa.

Shida ilikuwa nafasi. Ukurasa mzima haukai kwenye kikombe, kwa hiyo ilibidi kuchagua kipande kimoja, na maneno yake yakatoka madogo mno, kama vumbi la pilipili manga. Kilichobaki ni Ndumilakuwili kumnyooshea mtu mkono, na yule mtu anatabasamu.

Mimi kikombe kimoja cha kunywea mwenyewe hakinisumbui dhamiri, lakini nimeona vibonzo vya zamani vikiuzwa kwa dazeni. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inailinda kazi ya msanii kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Kazi za Ndunguru, basi, zina mwenyewe mpaka 2036. Wanaochapa kwa biashara wangeanza kwa kuitafuta familia.

Kikombe sasa kiko ofisini, na kwa vile maneno hayasomeki, kila mtu anampa Ndumilakuwili maneno yake. Mtu wa rika langu akikitazama anasema papo hapo: huyo anaomba hela, ataleta sukari kwa mlango wa nyuma. Mpwa wangu, aliyezaliwa sukari imejaa madukani, anaona mauziano ya kiwanja, na kiwanja chenyewe kimeshauzwa kwa watu wawili kabla ya huyo. Binti wa mapokezi yeye aliusoma ule mkono mara moja: "Anamwambia, ile hela itume kwenye namba hii." Tukacheka wote isipokuwa mhasibu, ambaye aliwahi kuituma.