Ganzi, neno tuliloliruka

Siye vijana wa Kanyosha tulianza kwa kucheka. Asubuhi tukinywa uji, dada yetu mmoja alikuwa anabaki na uji kidevuni, upande wa kushoto, na hapangusi. Tukamtania eti amerudi utoto. Alisema tu: "Hapa sisikii kitu." Hakuna aliyemuuliza zaidi.

Kisha taya likaanza kuvimba, polepole, miezi na miezi. Kwenye kituo cha afya munganga aliongea Kifaransa, mmoja wetu akatafsiri. Dada akaeleza: taya limevimba, jino linacheza, mdomo wa chini una ganzi. Mtafsiri wetu hakujua ganzi inasemwaje kwa Kifaransa, akairuka. (Wengine tulikuwa palepale, tukanyamaza.) Jino likang'olewa. Kisha la pili. Uvimbe haukutoka, na mtaani wakaanza kunong'ona kuwa ni karuho, amelishwa sumu.

Kumbe ndani ya taya la chini kuna mfereji, na humo unapita mshipa wa fahamu wa meno, unaotokea kwenye tundu dogo karibu na kidevu na kwenda mdomoni. Mara chache sana, seli zinazoufunika mshipa huo huota uvimbe unaoitwa shwanoma. Kwa kawaida si saratani, na unakua taratibu. Ni tofauti na ile saratani ya watoto ambayo Denis Burkitt wa Mulago, Kampala, aliiandika mwaka 1958: hiyo inavimbisha taya kwa wiki chache tu, inatibiwa kwa dawa kali, na haingoji. Shwanoma inataka kisu. Kwa hiyo kubahatisha kwa macho hakufai. Hata radio inaonyesha shimo kwenye mfupa tu, na shimo linaweza kuwa la magonjwa mengi. Lazima kikatwe kipande kidogo, kiangaliwe kwa darubini.

Safari ya pili, hospitali kubwa, tulienda na karatasi yenye maneno mawili: lèvre engourdie. Munganga alipoisoma aliweka kalamu chini. Akamwambia dada afumbe macho, akamgusa mdomo kwa pamba, kisha kwa ncha ya sindano, huku na huku. Akamkagua na ngozi, maana madoa mengi ya kahawia yanaweza kuonyesha ugonjwa wa kurithi unaootesha uvimbe kwenye mishipa ya fahamu. Hakuwa nayo. Kipande kikapimwa, jibu likatoka: shwanoma. Walimpasua kupitia ndani ya mdomo, wakaubandua uvimbe taratibu kutoka kwenye mshipa.

Nyinyi wa mashirika mnaotusoma, tunaomba kitu kidogo: karatasi ya maneno ya mwili, Kiswahili, Kirundi na Kifaransa, ibandikwe kila kituo. Ganzi iwe ya kwanza.

Mdomo haujarudi wote. Dada anaweka kioo kidogo kando ya kikombe. Akikisahau, tunagusa videvu vyetu wenyewe, naye anapangusa.