Gunia Nane au Kumi na Moja?

Kuna dada mmoja wa Utete, jina lake libaki kapuni. Marehemu baba yake alikuwa mfugaji wa Kisukuma, mmoja wa wale waliosogea Rufiji na mifugo yao baada ya wafugaji kuondolewa Usangu na Ihefu mwaka 2006 na 2007. Mchana anachunga, usiku anatunga mashairi na kuchora ng'ombe kwa kalamu ya bluu. Aliacha kauntabuku tatu. Mafuriko ya Aprili 2024 yakalowesha mbili, dada akazianika juani ukurasa kwa ukurasa.

Akapanda basi mpaka Dar kutafuta mchapishaji. Wa kwanza alicheka: "Mchunga ng'ombe na mashairi wapi na wapi?" Dada akatoa simu, akamwonyesha wenzetu wa Marekani: mji wa Elko, Nevada, una tamasha la mashairi ya wachunga ng'ombe tangu 1985. Jamaa akasema sawa, ila huko ni Marekani.

Wa pili akasoma yote. Michoro kaipenda, mashairi kayapenda, isipokuwa moja. "Hili litoe. Huko kwenu wakulima na wafugaji bado wanavutana."

Katika shairi hilo mzee anakiri. Usiku mmoja alipitiwa na usingizi, ng'ombe wakaingia kwenye mpunga wa jirani, wakala gunia nane. Mbele ya baraza la kijiji akakana. Jirani hakulipwa hata senti.

Dada angelitoa tu, kitabu kingetoka. Lakini jirani bado yupo hai. Akaenda kwake na kauntabuku mkononi, akamwamkia, akamsomea pale barazani.

Mzee alikaa kimya kidogo. "Kaandika gunia ngapi, mwanangu?"

"Nane."

"Zilikuwa kumi na moja. Kama mnachapisha, andikeni kumi na moja."

Sasa shairi linabaki, hilo dada kashamwambia mhariri. Kinachomnyima usingizi ni hiyo namba. Hakimiliki wanayo warithi, kwa sheria ya 1999 inadumu miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. Akiandika kumi na moja, jirani anapata ukweli wake, ila baba anasemeshwa asichokisema. Akiacha nane, baba anakiri nusu nusu mpaka kaburini.

Ungekuwa wewe, ungeandika ngapi? Tiririka hapo chini.