Hoja Yangu na Marehemu

Tangu tulipomzika mwalimu wangu wa kazi, mafundi wenzangu wa Webuye wamenitaka mara kwa mara niwaeleze yale tuliyokuwa tukishindania, nami nimeona afadhali niyaandike kwa mkono wangu kabla hayajasimuliwa na wasiokuwapo.

Utoto wangu hauna makuu: nilizaliwa kando ya mto Nzoia, karibu na maporomoko ya Nabuyole, wakati mji huu ungali ukiitwa Broderick Falls, nikasoma, nikaajiriwa katika kiwanda cha karatasi, na humo nikakabidhiwa kwa fundi wa umeme mwenye maneno machache na masikio makali, ambaye aghalabu aliitambua mota mbovu kabla ya kuigusa. Kiwanda kilipofungwa mwaka 2009, yeye na mimi tukafungua karakana katika njia ya Kitale, tukawa tunatengeneza vidhibiti vya sola na vifaa vya kuchajia simu.

Kifaa kilichotugombanisha kilishusha volti 12 za betri hadi 5: transista huwaka na kuzima mara 62,500 kwa sekunde, kisha koili na kapasita huulainisha mkondo. Zamani chipu ya analogia ndiyo iliyoamua transista iwake kwa muda gani. Siku hizi, katika vifaa vingi, amri hiyo imepewa maikrokontrola, ambayo hupima volti, hupiga hesabu, kisha huurefusha au huufupisha muda huo. Lakini katika bodi tulizonunua kwa ajili ya kifaa hicho muda wenyewe uligawanywa hatua 256 tu. Tukiacha hasara kando, hatua ya 106 hutoa volti 4.97, na ya 107 hutoa 5.02, volti 5 kamili haimo kabisa, ilhali kipimo kilibagua hata sehemu moja ya mia ya volti. Ni kama mnunuzi anayedai chenji ya shilingi moja kwa mwenye duka asiye na sarafu ila za shilingi tano. Programu ikawa inapanda na kushuka bila kutulia, na koili ikatoa mluzi mwembamba uliomkera mzee kuliko mbu.

Kijana aliyetumwa na waliotuuzia bodi hizo, bila hata kuomba osiloskopu, alihukumu kwamba koili ni mbovu. Tukabadilisha koili, mluzi ukabaki, na kijana hakurudi.

Ugonjwa huo una maelezo yake: mwaka 2003 Angel Peterchev na Seth Sanders, wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, walibainisha kwamba hatua za kuwasha lazima ziwe ndogo kuliko hatua za kipimo, la sivyo mfumo hautapata pa kutulia. Hapo ndipo njia zetu zilipoachana. Marehemu alisema kipimo ndicho kipunguzwe makali, kisione tofauti isiyo na maana. Mimi nilitaka hatua zigawanywe: katika kila mizunguko 8, 6 iwe ya hatua ya 107 na 2 ya 106, ili wastani uwe volti 5 na ushei mdogo.

“Mwanangu,” aliniambia, “unaondoa mluzi mmoja ili ulete mwingine.”

Hoja yake haikuwa ya kupuuzwa, maana mizunguko 8 ikirudiwa huzaa mtikisiko wa kasi ya chini zaidi, ambao kapasita haiumezi vyema. Lakini ile miwili ya 106 ikitenganishwa kwa nafasi sawa, isikae jirani, mtikisiko hujirudia kila mizunguko 4, nao huwa wa kasi maradufu, hivyo koili na kapasita huumeza kwa urahisi. Nilimwonyesha hayo kwenye kioo cha osiloskopu. Akatazama sana, akaomba chai.

Insafu yanilazimu niseme kwamba kwa simu alikuwa na haki: simu haijali volti 5 ikipungua au ikizidi kidogo, na programu yake ilikuwa fupi, rahisi kukaguliwa. Lakini betri nyingi za lithiamu hujazwa hadi volti 4.20 kwa kila seli, na kosa la asilimia 1 ni volti 0.042, chini ya hatua moja tu ya zile zetu 256. Hapo dawa yake haifai.

Nanyi vijana mnaonakili programu za watu na kuzipachika kwenye bodi, kisha mkalaumu koili, nawasihi mpige hesabu mbili kwanza: hatua ya kuwasha ni volti ngapi, na hatua ya kipimo ni volti ngapi. Ya kwanza ikiizidi ya pili, msiiuze bodi hiyo.