Lenzi ya Baba Mkwe

Kibimba, kule Ngara, usitarajie ufukwe wala disko. Kuna vilima, migomba na nyumba ya mama mkwe wangu. Likizo hii mimi na mke wangu tulimrudishia kitu alichotupa mwaka jana: lenzi ya marehemu mzee, safari hii ikiwa kwenye kamera yangu.

Ni Helios 44-2 ya milimita 58, ya enzi za Kisovieti. Zenit yake ilishakufa, lakini lenzi nimeimulika kwa tochi, haina kuvu. Tatizo ni moja: ilitengenezwa ikae milimita 45.46 kutoka kwenye filamu, wakati Sony yangu inaacha 18 tu. Pete ya adapta ya M42 inaziba pengo hilo. Halafu kwenye menyu unairuhusu kamera ipige hata kama haioni lenzi. Fokasi unatafuta mwenyewe, kwa mkono.

Raha iko hapo hapo. Mama hapendi picha za simu. Ukimnyooshea tu anageuza uso. Safari hii nilimwomba atulie kwenye kigoda, nikawa nazungusha pete taratibu. Akacheka: “Hata baba yenu alikuwa anachelewa hivyo hivyo!” Akaanza kusimulia walivyochumbiana, mambo ambayo mke wangu hakuwahi kuyasikia.

Picha ikatoka: macho yake makali, majani ya migomba nyuma yakizunguka kama kisulisuli.

Kwa hiyo msomaji, kabla hujanunua lenzi mpya ya bei mbaya, waulize wakwe kuna nini sandukuni. Mwende wote wawili.